Nyumba Haiuawi na Umri: Matembezi katika Majengo ya Kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

(Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Gitting)



Huenda baadhi ya waliohudhuria wanajiuliza: watu wanaolima ngano, mahindi na maharage chini ya Mlima Hanang, mbali kabisa na bahari, wana haja gani ya kuelezwa habari za majumba ya kisiwani? Haja zipo mbili. Ya kwanza ni kwamba majengo hayo ni urithi wa kila Mtanzania, na si haki yaachwe yatazamwe na wageni kutoka ng'ambo peke yao. Ya pili ni kwamba majengo hayo yamepatwa na mambo tofauti. Yapo yaliyosimama, yapo yaliyookolewa yakiwa karibu kuanguka, na yapo yaliyoanguka. Anayeuliza sababu ya tofauti hiyo hurudi nyumbani akiwa na swali kuhusu darasa, zahanati na ofisi ya kijiji ambazo wananchi wamezijenga kwa jasho lao.

Safari yenyewe

Msafiri anayetoka Gitting hushuka Katesh, akapanda basi la kwenda Singida na kuendelea hadi Dodoma. Kutoka Dodoma, tangu mwaka 2024, ipo treni ya umeme ya reli ya kisasa hadi Dar es Salaam. Asiyetaka treni huendelea na basi kupitia Morogoro. Kutoka bandari ya Dar es Salaam boti za kasi huvuka hadi Unguja kwa takribani saa mbili. Mtanzania hahitaji pasi ya kusafiria, ila abebe kitambulisho chake. Familia moja peke yake huenda ikaiona gharama kuwa nzito, lakini kikundi kinachoweka akiba kidogo kidogo kwa msimu mzima, au shule inayojiandaa mapema, inaweza kuimudu.

Mgeni akifika, avae mavazi ya stara, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na atumie kiongozi wa watalii mwenye kibali. Kwenye magofu asipande juu ya kuta, kwa kuwa jiwe linaloonekana imara huenda limeshikiliwa na vumbi tu.

Mji ulivyojengwa

Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi iitwayo Shangani, upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Zamani mkono wa bahari uliingia upande wa mashariki ukaukaribia mji nyuma yake, hata ukawa kama kisiwa ndani ya kisiwa. Watu walivuka kwa daraja. Maji yale yalifukiwa katika karne ya 20 na barabara ikapita juu yake, lakini jina la Darajani limebaki, na soko lake linajulikana hadi leo. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta za nyumba zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe juu ya rundo la magogo. Sakafu za ghorofani na mapaa ya kale yalibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito mkubwa ikiwa ndefu kupita kiasi, vyumba vingi vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 3 au pungufu.

Mzee yeyote aliyewahi kuishi katika tembe anaielewa habari hii bila kuelezwa sana. Tembe nayo ni miti iliyobeba udongo, na mwenye tembe alijua kwamba kabla ya masika lazima apande juu, aongeze udongo palipobonyea na kuziba palipopasuka. Asipofanya hivyo, maji huingia kwenye miti, miti huoza, na usiku mmoja paa humshukia. Nyumba ya Mji Mkongwe hufa kwa njia hiyo hiyo. Maji hupenya kwenye paa, huozesha ncha za boriti zilizozama ndani ya ukuta, huilegeza chokaa, kisha ukuta huanza kutoa tumbo. Wapo waliojaribu kuziba nyufa kwa saruji wakidhani saruji ina nguvu zaidi. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na ukuta huoza ukionekana mzuri kwa nje.

Beit al Ajaib

Jengo ambalo kila mgeni hulitafuta kwanza ni Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, linalotazama bahari mbele ya bustani ya Forodhani. Lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Liliitwa la maajabu kwa sababu lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwekwa taa za umeme, na lilikuwa na lifti wakati ambapo Afrika Mashariki ilikuwa haijaijua. Nguzo za chuma zilizobeba baraza zake pana zililifanya lionekane jepesi ingawa lilikuwa kubwa kuliko majumba yote yaliyolizunguka.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga mizinga eneo la kasri, baada ya Khalid bin Barghash kukikalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza. Vita hivyo vilimalizika kwa muda usiofika saa moja, na hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Jumba la jirani lilibomoka na mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibiwa, lakini Beit al Ajaib lilibaki limesimama. Katika matengenezo yaliyofuata liliongezewa mnara wa saa. Baadaye likawa makao ya ofisi za serikali ya kikoloni, na miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa makumbusho ya historia na utamaduni.

Jumba lililosalimika katika mizinga lilidhoofika kidogo kidogo wakati wa amani. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, na makumbusho yakafungwa. Ukarabati mkubwa kwa msaada wa Serikali ya Oman ulikuja baadaye. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha.

Tukio hilo lapasa kukumbukwa na kila anayehusika na jengo la umma. Ukarabati ulikuwa umeanza, fedha zilikuwepo, na mafundi walikuwepo. Lakini kati ya roshani iliyoanguka mwaka 2012 na mporomoko wa mwaka 2020 ilipita miaka minane. Jengo kuukuu halimngoji mtu amalize kujipanga.

Ngome Kongwe

Hatua chache kutoka hapo ipo Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno katika pwani hii. Mahali pale palikuwa na kanisa dogo la Wareno, na sehemu ya kuta zake imo ndani ya ngome. Kazi ya ulinzi ilipokwisha, ngome haikuachwa tupu. Iligeuzwa gereza katika karne ya 19. Reli ndogo ya kwenda Bububu ilipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ngome ilitumika kuhifadhi vifaa vyake. Baadaye wanawake wa mjini walipewa uwanja wa kucheza tenisi ndani yake. Leo ina ukumbi wa wazi ambamo hufanyika maonyesho ya muziki, likiwemo tamasha la Sauti za Busara.

Ngome hiyo ni kongwe kuliko Beit al Ajaib kwa takribani miaka 180, nayo imesimama. Kila kizazi kiliipatia kazi. Penye kazi pana watu, na penye watu, tone la maji likidondoka kuna atakayeliona.

Zahanati ya Zamani

Upande wa bandari lipo jengo ambalo mkazi wa Gitting angepaswa kulitazama kwa makini kuliko mengine yote, kwa kuwa lilikuwa zahanati. Tajiri Tharia Topan, mfanyabiashara mwenye asili ya India, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 akikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na likamalizika mwaka 1894. Roshani zake za mbao zilizochongwa na vioo vyake vya rangi hutajwa kati ya kazi bora za mafundi wa zama zile. Chini palitolewa dawa, juu waliishi watu.

Baada ya 1964 huduma ilikoma. Jengo likakaa bila mwangalizi, paa likavuja, mbao zikaoza, na ikafikia hatua ya watu kudhani kuwa limekwisha. Katika miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulilifanyia ukarabati kamili, mafundi wakachonga upya mbao zilizooza kwa kufuata zilizobaki. Limesimama tena, limenakshiwa kama awali, na lina shughuli za kila siku. Ni ushahidi kwamba gofu linaweza kurudishiwa uhai, ila kwa gharama ambayo kata au kijiji hakiwezi kuifikiria. Bati moja lililobadilishwa kwa wakati wake lingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Kanisa la Mkunazini

Mkunazini ndipo palipokuwa soko la watumwa. Watu wengi waliouzwa pale walitoka bara, wakiwemo wa pande za Ziwa Nyasa na maeneo yanayozunguka Ziwa Tanganyika, wakapitishwa pwani na kuvushwa kwa majahazi. Soko lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, uliotiwa saini na Sultani Barghash kwa shinikizo la Uingereza. Mwaka huo huo Wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa mahali hapo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa ndani ya kanisa hilo.

Paa lake ni tao la zege, bila boriti za kulibeba katikati. Wapo walioamini kuwa lingeanguka. Halijaanguka. Kwa nje ipo kazi ya mchongaji Clara Sörnäs kutoka Sweden ya mwaka 1998: sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Jengo la jirani lina vyumba viwili vya chini ya ardhi ambamo wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa. Dari ni fupi kiasi kwamba mtu mzima hainui kichwa. Wanafunzi wanaopelekwa pale wapewe nafasi ya kukaa kimya, wasiharakishwe.

Hamamni na magofu ya nje ya mji

Sultani Barghash anakumbukwa pia kwa kuwaletea wakazi wa mji maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Ndiye aliyejenga pia bafu za umma za Hamamni, zenye vyumba vya maji moto na maji baridi, ambamo watu walilipa ili waoge. Bafu hizo zilifungwa mwaka 1920. Mgeni anaweza kuingia na kuona sakafu za marumaru, lakini hakuna tone la maji.

Kaskazini ya mji, ufukoni, yapo magofu ya Maruhubi. Kasri hilo lilijengwa na Barghash mwaka 1882, likateketea kwa moto mwaka 1899. Moto haukumaliza kila kitu. Marumaru iliyobaki iliibwa kipande kwa kipande. Leo zimesalia nguzo kubwa za mawe zilizokuwa zimebeba ghorofa ya juu, zikiwa zimejipanga kwenye nyasi bila chochote cha kubeba.

Mbele kidogo ni Mtoni, kasri la Sultani Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat. Mwaka 1844 alizaliwa hapo binti yake Salme, ambaye mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuishi Ujerumani. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na humo alieleza ua wa Mtoni, bafu zake, bustani na watu wengi waliokuwa wakiishi humo. Kasri limekuwa kuta zisizo na paa, lakini kwa sababu mtu mmoja aliandika, msomaji bado anaweza kujua nani aliishi wapi. Ndani zaidi, Kidichi, zipo bafu ambazo Said bin Sultan alimjengea mkewe kutoka Uajemi yapata mwaka 1850. Nakshi za maua kwenye kuta zake bado zinaonekana, kwa sababu paa lake halijaporomoka.

Jengo hufaje?

Ukiyapanga majengo hayo pamoja, utaona kuwa umri si muuaji. Ngome ya karne ya 17 imesimama, na jumba la 1883 limeporomoka. Mambo manne huja kwa zamu. Kwanza, jengo hukosa kazi. Pili, hukosa mtu anayeweza kusema "hili ni jukumu langu". Tatu, paa na mifereji husahauliwa, maji yakaingia. Nne, watu huanza kuchukua vipande: mlango leo, mbao kesho, jiwe keshokutwa. Yakifika la nne, kazi ya kurejesha huwa kubwa mno. Yakizuiwa katika la kwanza au la pili, huhitajika fundi mmoja, ngazi moja na misumari. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Magofu nayo si ya kukatiwa tamaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani, mji mwingine wa kisiwani katika nchi hii, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Baada ya kazi ya kuimarisha kuta na kulinda ufuko, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Kwa upande wa Gitting

Wakazi wa Hanang hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka mlimani viliikumba Katesh na vijiji vya jirani, na familia nyingi bado ziko katika majonzi. Maji ya namna ile hayazuiwi na mfereji wa darasa. Yapo hata hivyo maji mengine, ya mvua ya kawaida ya kila mwaka, yanayodondoka pembeni mwa msingi wa zahanati, na hayo yanazuilika.

Yafuatayo yanaweza kufanywa na wananchi wenyewe bila kungoja mfadhili. Kabla ya mvua kuanza, kamati ya shule na kamati ya zahanati zizunguke kila jengo: ziangalie misumari ya bati, mabomba ya paa, mifereji ya kuelekeza maji mbali na msingi, na alama za mchwa kwenye mbao. Penye ufa, uwekwe mstari wa penseli katika kila ncha ya ufa, na tarehe iandikwe pembeni. Baada ya miezi mitatu mtu arudi atazame. Ufa uliovuka mstari ni ufa unaoendelea, na habari yake ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji kwa maandishi, ili ifike kwa mtendaji wa kata na kwa mhandisi wa Halmashauri. Ufa uliobaki pale pale unaweza kuzibwa na kufuatiliwa.

Aidha, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika mikutano hiyo wananchi huuliza mara nyingi darasa jipya litajengwa lini, na wana haki ya kuuliza. Ni nadra mwananchi kusimama na kuuliza darasa la zamani lilikarabatiwa lini, na kiasi gani kimetengwa kwa ukarabati katika mpango wa mwaka ujao. Swali hilo la pili lina haki sawa na la kwanza, na viongozi wanawajibika kulijibu.

Mwisho, wapo wazee katika kata waliobeba mawe na kuchanga fedha za majengo ya kwanza ya umma. Wanafunzi wakawaulize na kuandika: nani alitoa eneo, mawe yalitoka wapi, fundi alikuwa nani, jengo lilifunguliwa mwaka gani. Daftari hilo likae ofisi ya kijiji. Mtoni ilibakiwa na kumbukumbu kwa sababu binti mmoja aliandika. Gitting ina watoto wengi wanaojua kuandika.

Atakayepata nafasi ya kwenda Unguja, aende. Atakaposimama Forodhani kulitazama jumba lililopoteza uso wake, na akivuka njia kuingia katika ngome ya zamani zaidi iliyojaa watu, atakuwa ameyaona yote yaliyosemwa hapa kwa macho yake. Atakaporudi, aanze na paa la shule iliyo karibu naye.